Chai ya Mpakani

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kilimo asubuhi, na kabla gundi haijakauka, Mheshimiwa alikuwa ameshalisoma mara mbili. Serikali itatoa ruzuku kwa kila ekari iliyolimwa, na fedha zitaingia kwenye simu ya mkulima aliyeandikishwa. Wenzake walianza kufikiria majembe. Yeye alifikiria simu.

Uheshimiwa wenyewe aliupata kwa koti na mkoba, maana hata ujumbe wa mtaa hakuwahi kugombea. Shamba hakuwa nalo, hata la kwenye kopo. Alikuwa na mdomo, na mdomo huo ulikuwa umelisha watu watatu: yeye, yeye na yeye.

Mchana alikuwa ameshaketi sebuleni kwa mjane mmoja mwenye ekari moja nyuma ya nyumba, yote majani.

"Tangu marehemu anitoke sijalima," mjane akamwambia. "Shemeji anasema mvua hizi zikikuta pori tena, shamba anawapa wanawe. Silali, mwanangu."

"Mama, ondoa shaka. Fomu najaza mimi, ruzuku ikija tunagawana."

Mjane akavaa miwani, akaisoma fomu polepole mpaka mgeni akaanza kutokwa jasho.

"Hapa umeandika mkulima ni wewe. Na simu ni yako."

"Utaratibu tu, mama. Serikali haipendi kusumbua wazee."

"Haya. Mkulima ni wewe." Akaenda uani, akarudi na jembe. "Bwana shamba anakuja kukagua baada ya wiki tatu. Ruzuku ya pori hawatoi."

Mheshimiwa akatafuta vibarua. Kwa bahati mbaya vibarua wa pale walikuwa wanamfahamu, wakataka malipo kwanza, na mkobani mlikuwa na magazeti. Akaifikiria ruzuku, akavua koti.

Siku ya kwanza alilima hatua sita, akalala chali. Siku ya tatu malengelenge yake yalikuwa na wajukuu. Kila siku saa nne asubuhi mjane alimletea chai na mkate mpakani mwa shamba. "Pole na kazi, mwanangu." Naye aliinywa wima, ili asipoteze muda. Siku ya kumi na nane shamba lote lilikuwa matuta, mbegu ziko ardhini, na mtu aliyeshangaa kuliko wote alikuwa yeye.

Bwana shamba alikuwa mtu wa zamani. Wiki tatu zilipotimia alifika, akazibana fomu kwapani, akaenda kwanza kwa majirani. Tena haulizi shamba ni la nani, maana hapo kila mtu husema langu. Huuliza nani anapeleka chakula na nani anakula.

"Yule kibarua wa mama," akasema fundi cherehani bila kusimamisha mashine. "Wiki tatu namwona anakunywa chai mpakani, wima. Mwenye shamba gani anakunywa chai wima na nyumba ile pale?"

"Kibarua," akasema muuza mkaa. "Anajituma, ila ana maneno."

Bwana shamba aliporudi shambani, Mheshimiwa akatoa mikono mbele. "Mkulima ni mimi, bwana. Tazama hii mikono."

"Naiona. Ni ya kibarua. Au niandike kwamba umejiandikishia ardhi ya mjane? Polisi nao wana fomu zao."

Barabarani shemeji mtu alikuwa amesimama na wanawe, anasikiliza.

"Ni kibarua wangu, bwana," mjane akasema kwa upole. "Tena mchapakazi."

Mheshimiwa akashusha mikono. "Ndiyo. Kibarua."

Jina lake na namba yake ya simu vikakatwa, vya mjane vikaandikwa. Shemeji akaondoka bila kuaga. Mjane alimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona, kisha akaketi juu ya tuta akalia kwa furaha, bila kumwonea aibu mtu.

Alipomaliza akamwita Mheshimiwa, akampa bahasha: ujira wa siku kumi na nane, kamili. Mheshimiwa akaigeuza huku na huku, akitafuta ujanja uko upande gani. Hakuuona.

"Mama, mimi nilikuja kukuibia."

"Najua, mwanangu. Lakini umelima."