Nobu ya Tano

Jumatatu, 14 Julai
Mpango umeiva! Jumamosi chama chetu cha wapenda redio kinaonyesha kazi za mikono huko Parklands, na safari hii Chetan hatanishinda. Nitapeleka redio aliyoiunda marehemu mke wangu, Syokau. Inafanya kazi. Haina uso tu. Aliacha bamba la alumini lenye matundu matano ya nobu za kuzungusha, na chini ya manne aliandika kwa penseli: SAUTI, KITUO, BESI, MWANGA. Chini ya la tano, hakuna kitu. Alifariki Novemba kabla ya kuniambia nobu hiyo ni ya nini.

Maneno hayo ndiyo mwandiko wake pekee uliobaki. Daftari zake ziliharibika bomba lilipopasuka. Lazima yachorwe vilevile, kwa mkono wake. Kwa mashine ya leza, au ile ya kuchonga, rauta?

Shemeji yangu Beryl amepiga simu kutoka Karen. Kasema niyapige picha kwanza, shemeji, tafadhali. Nikamwambia nina akili zangu.

Jumanne, 15 Julai
Kwa Chetan, maana ana mashine ya leza. Nilijifanya naulizia rafiki, mzee fulani wa Karen. Chetan akauliza kama huyo mzee naye ana sweta yenye kiraka kiwikoni kama yangu. Aibu! Lakini alieleza vizuri. Leza huchoma, rauta huchonga. Leza hutoa herufi ndogo kama sisimizi, ila alumini tupu huirudisha miale. Sharti upake rangi kwanza, leza iichome hiyo rangi. Rauta huila alumini yenyewe, ila herufi ndogo huzitafuna.

Nilikuwa nimeyanakili maneno ya Syokau kwenye karatasi nyembamba. Akayaingiza kwenye kompyuta, akayajaribu kwenye kipande cha ubao. Mashine ikanguruma, moshi ukanuka.

Maneno matano. Chini ya tundu la tano: KIMYA. Na ile Y yake, mkia umepinda kushoto.

Chetan akasema nimeliweka mimi. Nikasema yeye. Tukatazama karatasi. Manne. Tukanyamaza wote wawili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nilimfanya afute faili mbele yangu, na karatasi nikaichana. Haniibii mtu!

Jumatano, 16 Julai
Mjini, kwa Jasleen, karakana yake iko nyuma ya Barabara ya Kirinyaga. Yeye ana rauta. Nakala mpya, nimehesabu maneno mara tatu njiani. Manne. Rauta ikalia, unga wa mbao ukaruka.

Matano.

Jasleen akauliza, anko, hii ya tano imetoka wapi, mbona kwa kompyuta haiko? Herufi za yale manne zilijaa unga. KIMYA ilikuwa safi, laini, kama imesuguliwa na kidole miaka mingi. Akazima umeme wa karakana nzima, saa sita mchana, tukanywa chai tumesimama mlangoni. Nilimwomba naye afute faili. Alifuta haraka kuliko Chetan. Nakala nikaizamisha kwenye chai iliyobaki. Siri imetunzwa.

Alhamisi, 17 Julai
Nimekumbuka. Syokau alipotafuta stesheni za mbali alikuwa akiinua kidole kimoja bila kugeuka. Maana yake: kimya, Kimanzi. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nyuma yake namsimulia habari za majirani.

Mwingine angetulia. Mimi nimepata mpango bora zaidi. Zote mbili! Rauta ichonge maua pembeni, leza ichome maneno katikati. Chetan atalia. Nimelipeleka bamba uani nikalipulizia rangi nyeusi kwa ajili ya leza. Kazi safi. Limekauka, linameta.

Kisha nikautafuta mwandiko.

Ijumaa, 18 Julai
Sijala. Chetan kafuta. Jasleen kafuta. Nimeitoa rangi kwa thina, polepole, kwa pamba. SAUTI ikaondoka na rangi. KITUO. BESI. MWANGA. Bamba likabaki tupu kama sahani. Nimelia pale dirishani jikoni, mama wa jirani akinitazama huku anaanika nguo.

Nilipopangusa macho, chini ya tundu la tano palikuwa na penseli. KIMYA.

Nimelifunga bamba kwenye redio bila kupagusa hapo.

Jumamosi, 19 Julai
Parklands. Paneli ya Chetan imezungukwa na watu. Yangu ina neno moja la penseli. Muindi, katibu wetu, akauliza kwa upole kama maneno mengine yako njiani. Akauliza pia nobu ile hufanya nini. Nikaizungusha.

Ukumbi ukaishiwa sauti. Si redio tu. Chetan alikuwa anacheka, mdomo wazi, hautoi kitu. Vikombe vikagusana bila mlio. Na kwenye sikio langu la kushoto, pumzi. Fupi, ya puani, ya mtu anayesikiliza kwa makini. Nimelala kando ya pumzi hiyo miaka thelathini na mmoja.

Kukaa kimya tu. Ndilo jambo lililotakiwa.

Nikasema: Syokau, ngoja nikwambie huyu Chetan alichofanya.

Kelele zikarudi zote kwa mpigo. Pumzi ikakatika. Muindi akasema nobu yangu haifanyi kitu, pole. Chetan akashinda.

Jumapili, 20 Julai
Nimeizungusha tangu nitoke kanisani. Hakuna kitu. Lakini neno bado lipo! Nimegundua kasoro: penseli ni hafifu mno, ndiyo maana haikushika. Beryl amesema niliache hivyo hivyo, niende kwake kula, nikiwa na la kusema nimwambie yeye. Nikamjibu hajui mambo ya paneli.

Nimeamua. Rauta! Kesho saa mbili asubuhi niko kwa Jasleen, neno lichongwe kwa kina, lisifutike milele. Ila bamba limejaa alama za vidole, na rauta inataka alumini safi. Thina imebaki nusu chupa. Nalipangusa sasa hivi, nakala nitatoa baadaye.