Akaunti Moja, Watu Kumi na Tisa

Jumatatu, 2 Juni

Namshukuru Mungu kwa kunipa kichwa. Kaka zangu kule Butembo walirithi mashamba ya kahawa. Mimi nilipewa kichwa, nikaja nacho Kampala, na hadi leo kinanilisha.

Asubuhi sokoni Owino, nauza suruali za mtumba. Jioni kazi ya pili, ile ninayoipenda: Kasereka, Fundi wa Mtandao. Sina kibanda, sina kibao. Jean-Claude, yule Mbukavu wa Kawempe, anavyo vyote, pamoja na kiti kinachozunguka, na anajiita injinia. Haya. Mimi nina wateja kumi na tisa hapa Kyebando wanaoniamini.

Siri ya kazi yangu naiandika hapa tu. Wote kumi na tisa wanatumia akaunti moja. Yangu! Mteja akileta simu na hana barua pepe, naingiza anwani yangu na neno langu la siri, dakika mbili, kwisha. Anapata barua, video, ramani. Jean-Claude humfungulia kila mtu akaunti yake, saa nzima, maswali chungu nzima. Nyumba moja, funguo kumi na tisa za nini?

Leo amekuja Mama Kahambu wa chumba cha tatu, mjane wa kwetu anayeuza sombe, majani ya muhogo. Kila kitu kwenye simu yake kiko kwa Kiingereza, na yeye Kiingereza hasomi. Anasubiri barua ya chuo cha uuguzi kuhusu binti yake, Exaucée. Fomu niliijaza mimi, anwani nikaweka ileile ya wote. Barua ikija, mzazi anatakiwa kujibu kwamba mtoto atafika. Asipojibu kwa tarehe, nafasi anapewa mwingine. Anaogopa barua itapita mbele ya macho yake asiijue. Aliyoyasema nayaandika kama yalivyo: "Huyu mutoto amesoma miaka mbili chini ya taa ya choo. Kama iyi barua inapotea, mimi sina ingine."

Nikamwambia atulie. Nikaingia kwenye mipangilio ya akaunti, nikagusa Lugha, nikachagua Kiswahili. Dakika moja. Akanipa bakuli la sombe yenye mawese. Nimekula nimeshukuru mara mbili.

Jumanne, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi. Nusu ya Kampala imekwenda kuhiji Namugongo, nusu nyingine imekuja kunigongea mimi.

Wa kwanza Afande. Rosalba Lanyero, mwenye nyumba wetu, polisi mstaafu kutoka Gulu, miaka thelathini kwenye meza ya mapokezi ya kituo. Sote tunamwita Afande, hata paka anaamka akipita. Alisema jana simu yake ilikuwa inaongea Kiingereza vizuri, Kiingereza ndiyo lugha ya ripoti, sasa imegeuka Kiswahili bila amri yake. Nikabadilisha. Akaenda ameridhika.

Baada ya chai akaja Mama Kahambu. Kiingereza kimerudi! Nikabadilisha. Afande akarudi. Nikabadilisha. Mama Kahambu akarudi. Kufikia mchana nilikuwa nimebadilisha lugha mara nane, na kidole cha kulia kinauma. Nimewaeleza kwamba mtandao una mafua kwa sababu mahujaji wote wa Namugongo wanapiga picha kwa pamoja. Wamekubali. Namshukuru Mungu kwa mahujaji.

Alasiri Abudu wa chapati, pale kona, akaomba Kiarabu. Ijumaa ni Idd, anataka simu yake iwe na heshima. Nikampa. Alifurahi mno, akanikaangia chapati ya mayai mawili. Nilikuwa natafuna ya mwisho niliposikia kelele kutoka kila mlango. Skrini za watu wote zimehamia Kiarabu. Maandishi yanaanza kulia, vitufe vimehama, mzee mmoja anadhani ameshika simu juu chini. Afande amefungua jalada.

Nimejilaza kitandani kufikiri. Nimeelewa. Lugha haikai kwenye simu, inakaa kwenye akaunti. Akaunti ni moja. Kwa hiyo lugha ni moja.

Jean-Claude asijue. Kabisa.

Jumatano, 4 Juni

Suluhisho! Limekuja lenyewe nikipiga mswaki. Ratiba.

Alfajiri Kiarabu, cha Abudu, amalize kabla moto haujashika. Asubuhi Kiswahili. Mchana Kiingereza, cha Afande. Jioni Kifaransa, kwa wale wa kwaya ya kanisani kwetu. Nimeiandika vizuri kwenye karatasi na kuibandika kwenye ukuta wa bafu, kichwa cha habari: Huduma Mpya. Watu wameisoma. Mmoja ameniita mtu wa maendeleo.

Nilisahau jambo moja tu. Lugha nabadilisha mimi, kwa mkono, na saa sita mchana nilikuwa Owino nimezama hadi kiunoni kwenye robota la nguo. Saa saba nikakumbuka. Nikatoa simu haraka, nikagusa nisichokijua, nikawapa wote Kireno. Wakati huohuo mteja ameondoka na suruali ya kike akidhani ni ya kiume. Alirudi akaniambia inambana lakini ameipenda. Watu wema hawajaisha duniani.

Halafu Mama Kahambu akatokea kati ya vibanda, anakimbia, kanga imemlegea. Msichana aliyesoma na Exaucée alishapata barua yake, wiki iliyopita. Na mwisho wa kujibu ni kesho, saa kumi na moja jioni.

Kesho!

Tuliketi juu ya robota, tukaitafuta kwenye simu yangu. Barua za mpira za Abudu, ndiyo. Matangazo ya viatu, ndiyo. Barua ya chuo, hakuna. Tulitafuta kwa Kireno, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili. Mama Kahambu hakulia, na hilo limenitisha kuliko kilio.

Nilimwomba asimwambie mtu, hasa Afande. Afande akijua akaunti ni moja, jalada lile litapata jina langu. Nikamwahidi nina mpango. Sina mpango.

Exaucée amepita jioni na ndoo ya maji, akanisalimia, akanishukuru kwa kumsaidia mama yake. Nimempokea ndoo nikaibeba hadi mlangoni kwao.

Alhamisi, 5 Juni

Nianze na mwanzo.

Asubuhi nimejaribu mpango wa kwanza: kukipigia chuo simu. Namba inaita, haipokelewi. Mpango wa pili: kwenda chuoni mwenyewe nikiwa nimevaa tai. Tai sina. Mpango wa tatu ulikuwa Jean-Claude. Nimeuzunguka mpango wa tatu hadi saa nane mchana, kisha nikamshika Mama Kahambu mkono, tukaenda Kawempe.

Jean-Claude aliketi kwenye kiti chake kinachozunguka. Nikamweleza kila kitu nikitazama viatu vyake. Aliuliza mara mbili kama nimesema kumi na tisa. Nikasema kumi na tisa. Alicheka mpaka kiti kikamgeuza kikatutazamisha mgongo wake. Alipotugeukia akamwona Mama Kahambu, akaacha kucheka hapohapo. Akafunga kibanda, wateja wawili wamesimama. Sitaki kuandika kwamba ni mtu mzuri. Basi, ni mtu mzuri.

Aliweka akaunti kwa Kifaransa, ambacho Mama Kahambu anakisoma, ili aone kila kinachofanyika. Akafungua pipa la taka. Sikujua kuna pipa la taka. Na humo, chini ya viatu na mpira, barua ya chuo, ya tarehe 26 Mei. Exaucée amekubaliwa! Mama Kahambu akaweka kiganja juu ya skrini kama anayepima homa ya mtoto.

Lakini Jean-Claude alikuwa amekunja uso. Akasema barua hii imeshajibiwa. Siku ileile. Kutoka kwenye akaunti yangu.

Nikaapa sikujibu. Akatusomea jibu, akitafsiri polepole: "Msichana atafika. Nitamsindikiza mwenyewe hadi getini. Afande Rosalba Lanyero, kwa niaba ya mzazi." Chini yake chuo kimeandika kwamba kimepokea, nafasi ni yake, na kinamkaribisha.

Tulirudi Kyebando mbio, Jean-Claude pia, hakutaka kukosa. Afande alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamuuliza, kwa heshima zote, kama amekuwa akisoma barua za watu. Hakuona aibu hata kidogo. Akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa la mistari, akalifungua mbele yetu. Kila barua iliyoingia tangu Januari: tarehe, saa, mwandishi, hatua iliyochukuliwa.

"Wewe ulifungua hii simu, barua ikaanza kuingia. Nikajua umenipa ofisi," akaniambia. "Barua inaingia, nasoma, najibu, nafunga faili. Hata kituoni ilikuwa hivyo."

Kufunga faili, kumbe, ndiko kutupa pipani.

Mama Kahambu aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini basi hakumwambia. Afande akashangaa. Barua imeandikiwa mzazi, mzazi anaijua, na ya ofisini hayatangazwi uani. Alipoona tumenyamaza alidhani tunaficha habari njema hadi siku ya safari, kwa kuogopa macho ya watu. Hata yeye angeficha.

Kisha akasema hili, akitazama mchele: "Mimi naona huyu mtoto kila siku chini ya taa yangu. Ile taa nilikuwa nazima saa tatu. Sasa miaka mbili sijazima. Barua ilipokuja, ningejibu nini ingine?"

Mama Kahambu akaketi chini pale barazani na kulia, kilio chote alichokifungia tangu jana. Exaucée akaja mbio akidhani kuna msiba, akaambiwa, akaketi naye. Afande hakujua mikono yake aiweke wapi. Akachukua kalamu akaandika kitu kwenye daftari. Mimi pia nililia. Jean-Claude anasema ni vumbi la Kawempe lilimwingia machoni.

Nimeshukuru leo mpaka maneno yameniishia. Na jana nilimkataza Mama Kahambu asimuulize Afande, mtu wa pekee aliyejua. Ningesema neno moja tu, tungelala usingizi.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Abudu amechinja, akatuletea uani sinia la pilau. Tumekula sote, Wakatoliki, walokole na Afande ambaye hasemi ni nini. Abudu amempa Exaucée kipande kikubwa akisema muuguzi lazima awe na damu.

Nimepekua daftari la Afande kwa ruhusa. Aprili niliomba kazi ya ukalimani katika ofisi moja mjini, nikashangaa kimya kile. Kumbe waliniulizia. Afande alijibu: "Ni mtu mzuri, ila anachelewa kuamka." Nimeshindwa kukasirika. Ni kweli, na pilau ilikuwa tamu.

Jumamosi, 7 Juni

Jean-Claude amekuja na kiti chake, amekibeba begani kutoka Kawempe. Ameketi barazani siku nzima, amemfungulia kila mtu akaunti yake na kumuuliza anataka lugha gani. Abudu amebaki na Kiarabu mpaka sikukuu ipite, halafu Kiganda. Mama Kahambu, nilidhani Kiswahili. La, amechagua Kifaransa. Anasema Kiswahili ni cha kusali na kuuzia sombe, lakini kile cha kwenye simu kimeandikwa na watu asiowajua.

Mimi niliambiwa nitengeneze neno jipya la siri na nisimpe mtu yeyote. Nikaahidi. Jean-Claude akanifanya niahidi tena, mbele ya Afande.

Jioni nilimwona Afande ameketi na daftari limefunguliwa magotini, ukurasa mtupu. Kwenye akaunti yake mpya hakuna anayemwandikia. Akasema ofisi imefungwa. Nilienda kulala nikiwa na uzito moyoni.

Jumapili, 8 Juni

Ibada ya shukrani kwa ajili ya Exaucée. Nguo mpya ya kitenge, kwaya imeimba mpaka dari limeitikia. Nilipewa nafasi niseme neno. Nimemshukuru Mungu, Mama Kahambu, Jean-Claude, Abudu, na Afande aliyekuja kwenye kanisa letu kwa mara ya kwanza, ameketi wima benchi la mbele.

Na nikiwa pale mbele nimeona wazi kile ambacho wengine wote hawajakiona. Mtoto ameokolewa na nini? Na akaunti moja! Zingekuwa kumi na tisa, Afande angeisomea wapi ile barua?

Basi baada ya ibada nimewaandikisha wanakwaya wote thelathini na wawili kwenye akaunti yangu. Dakika mbili kila mmoja. Neno la siri nimelitangaza kwenye kipaza sauti ili nisije nikalisahau. Kuhusu lugha, nimejifunza: ugomvi unatokana na kupendelea. Nimechagua Kifini, ambacho hakuna hata mmoja wetu anayekijua, wote wako sawa. Kuirudisha sijui nitaanzia wapi, lakini hilo ni la kesho.

Afande nimemrudishia ofisi yake: nimeiingiza tena akaunti yangu kwenye simu yake. Hakusema asante, si mtu wa hivyo. Alivaa miwani, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe na saa. Nimechungulia begani kwake mstari wa kwanza. Umeandikwa: Kasereka, kumfuatilia kwa karibu.

Nimeguswa sana. Ni vizuri kuwa na mtu anayekujali hivyo ugenini.