Maziwa Ni Yetu Sote

Jumatatu, 6 Machi

Nashukuru kwa jua la leo. Mashuka ishirini na mawili, yote makavu kabla ya saa sita. Dobi gani mwingine mtaani anaweza kusema hivyo? (Hakuna dobi mwingine mtaani. Hata angekuwepo, asingeweza.)

Kisha habari mbaya. Ziwa la chini limeota povu. Mama mkwe anateka huko maji ya kupikia, na sasa mikono inamwasha hadi viwikoni. Mwenyekiti wa mtaa ameitisha mkutano kesho. Itaundwa kamati ya kulinda maziwa yetu mawili, la juu na la chini, nayo itakagua kila bomba linalomwaga kwenye mfereji. Bomba lenye kosa litazibwa na kazi ya mwenyewe itafungwa.

Bomba langu liko nyuma ya ukuta. Nimeliegemezea beseni bovu. Mke wangu ananiambia mwaka wa pili sasa nichimbe shimo la maji machafu. Namjibu kwamba ardhi ni ngumu. Sijaijaribu, lakini inaonekana ngumu.

Kufungiwa! Sijui kazi nyingine yoyote. Hata chai naunguza.

Wazo limenijia nikipiga pasi kola ya mwalimu. Mwenyekiti wa kamati niwe mimi! Nani atamkagua mkaguzi? Nimejipongeza kwa muda mrefu kidogo. Kola imeungua.

Jumanne, 7 Machi

Mkutano. Nilisimama kabla sijaombwa. Nikasema maziwa haya nayapenda tangu utotoni. Mtu akakohoa nyuma. Shemeji! Kaka wa mke wangu, fundi baiskeli, sauti isiyohitaji spika. Akasema kamati inataka mtu wa vitendo, siyo mtu wa kunyoosha nguo. Watu wakacheka. Mke wangu pia. Nilimwona.

Mwenyekiti wa mtaa akakata shauri: Jumamosi kila mmoja wetu sisi wawili alete watu wa kusafisha mfereji. Atakayeleta wengi ndiye mwenyekiti wa kamati.

Nashukuru kwamba nina mwandiko. Kibao cha shemeji kimeandikwa FUDI BASKELI. Mashindano yamekwisha kabla ya kuanza.

Jumatano, 8 Machi

Bango limekamilika. Nimetumia shuka ambalo mwenyewe hajalifuata tangu mwaka jana. Nilikusudia kuandika TUJE TUSAFISHE MAZIWA, lakini nilitaka herufi za kuonekana toka mbali, na shuka halikutanuka kadiri ya mawazo yangu. Nikafupisha. MAZIWA NI YETU SOTE! JUMAMOSI SAA MBILI ASUBUHI. NJOO NA NDOO.

Mke wangu alilisoma mara mbili. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ufupi ndio ufundi. Akasema haya.

Nimelitundika njia panda. Kufikia jioni watu saba wameniuliza kama watoto wanaruhusiwa. Nikasema waje wote. Mmoja akauliza kama yatakuwa ya moto au baridi. Nikamwambia asubuhi huwa baridi, lakini watu wakishaanza watapata joto. Akaondoka anawaza.

Jumamosi, 11 Machi

Nitaandika yote, ingawa mkono unakataa.

Saa mbili kamili nilipanda juu ya jiwe kando ya mfereji. Shemeji alikuwa na watu kumi na mmoja, wenye makoleo na mabuti. Upande wangu watu wamefurika! Sikuweza kuwahesabu. Nikamwangalia shemeji kwa huruma.

Kisha nikaziangalia ndoo zao. Safi sana. Nyingine zina mifuniko. Pana masufuria. Pana mtu mwenye chupa ya chai. Mbele kabisa, mama mkwe na birika. Akaniuliza kwa upole maziwa yanagawiwa saa ngapi, maana majani ya chai ameyaacha jikoni yanachemka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mkwe wangu! Na birika!

Mke wangu ndiye aliyepanda jiwe. Akawaambia hakuna maziwa ya kunywa, yapo haya mawili ya kuteka, na tukizubaa hata haya hatutakuwa nayo. Akawaambia waitazame mikono ya mama yake. Mtu mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, wengine hadi wakakaa chini. Na kwa kuwa ndoo walikuwa nazo, hakuondoka mtu. Walizoa matope, chupa, ndala, godoro zima. Nilisikia moyo ukijaa. Nilianza hata kuandaa hotuba ya ushindi.

Sikufikiria jambo moja. Ukisafisha mfereji kuelekea juu, mwishowe unafika kwenye ukuta wangu.

Mtu akasogeza beseni. Bomba likatema povu, jeupe, zito, linafuka mvuke. Mama mkwe akalisogelea na birika lake. Akasema kumbe maziwa yenyewe ndiyo haya, mwanangu.

Hakuna aliyecheka. Shemeji aliniangalia, akaiangalia mikono ya mama yake, akaenda zake. Kikulacho ki nguoni mwako, na dobi ni mimi.

Jumapili, 12 Machi

Saa moja asubuhi, sauti nje. Nikachungulia. Shemeji, amebeba sururu! Nyuma yake watu kama thelathini. Nikajua wamekuja kubomoa. Nikaingia ndani ya lundo la nguo chafu, nikapiga moyo konde, nikatulia.

Sururu zikaanza. Nikangoja ukuta uanguke. Haukuanguka. Baada ya saa nzima joto la nguo za watu likanishinda, nikatoka.

Wanachimba shimo. Langu! Nyuma ya ukuta, refu kuliko mtu, wamelitandika kokoto, mchanga na mkaa. Bomba wamelikata na kuligeuzia humo. Shemeji akasema kwa ukali kwamba hawezi kumwacha dada yake alale njaa kwa sababu ya mume mvivu. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Ardhi ni ngumu kweli. Nilisema.

Mama mkwe alileta chai kavu, akanimiminia mimi wa kwanza. Kwa mikono ile ile. Nililia mbele za watu, sifichi. Nilistahili kufungiwa, wakanichimbia. Nilimwomba radhi kwa magoti. Akasema ninyanyuke, nachafua suruali.

Jumatano, 15 Machi

Baada ya bomba lile ilipigwa kura, na shemeji ndiye mwenyekiti. Nilimpigia kura mimi mwenyewe. Mke wangu ni katibu. Povu limepungua ziwa la chini, na mikono ya mama mkwe inapona. Nashukuru mpaka natetemeka.

Lakini shukrani za mdomo ni nini? Nimewatangazia wote: nguo zenu za matope nafua bure! Wameleta. Wameleta na mapazia, na mazulia. Kufikia saa tano shimo limejaa hadi juu. Mke wangu akasema nisubiri siku mbili linywe. Siku mbili! Shukrani haicheleweshwi.

Nikatafakari. Kamati imepiga marufuku bomba. Toroli haikutajwa popote. Tena waliolalamika ni wa ziwa la chini. La juu, sijasikia neno. Nikajaza madumu manane maji ya sabuni, nikaanza kuyapandisha kwenda ziwa la juu.

Nusu ya njia, gurudumu likaishiwa upepo. Nani akatokea? Shemeji, na pampu yake! Akajaza bila kuuliza madumu yanaelekea wapi. Akanipiga begani, akasema hakutegemea kuniona nahangaika na maji kiasi hiki, na kamati bado haina makamu mwenyekiti.

Ndugu kama huyu unampata wapi? Nashukuru, nashukuru tena. Kesho nitapeleka madumu kumi na sita.