Hakuna Aliyeuliza "Vipi?"

Jumatatu, 3 Juni

Meneja katangaza wakati wa chai: Jumamosi tunacheza kriketi na kiwanda cha magodoro. Atakayeng'ara ndiye nahodha mpya wa timu yetu ya kiwanda cha sabuni. Alipofika kwenye neno nahodha alinitazama. Nikajua. Kisha akamtazama shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa mitambo. Huyo naye! Anacheza vizuri, haya, lakini ana nini kingine?

Baba mkwe atakuja kutazama. Tangu nimwoe binti yake ananiita Debe. Methali yenyewe haimalizii, anaona haina haja. Nikiwa nahodha itabidi anitafutie jina jingine.

Jumatano, 5 Juni

Nimeshinda ghalani nyuma ya maboksi ya sabuni, nasoma sheria za kriketi. Mambo yako hivi. Mpigaji, kashika gongo la kupigia mpira, analinda vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake. Mpira ukiviangusha, katoka. Akiupiga ukadakwa kabla haujagusa chini, katoka. Akikimbia asiwahi mstari, katoka. Akiukinga kwa mguu mpira uliokuwa unakwenda vijitini, katoka vilevile. Nikaona huu si mchezo, ni mtego wa panya. Nikakata tamaa kabisa.

Halafu nikaiona! Mwamuzi hamtoi mtu asipoulizwa. Mpira ukishapita, mmoja wa timu inayorusha lazima amuulize, "Vipi?" Wasipouliza, mpigaji anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wenzangu wote wanafanya mazoezi ya mpira. Mimi nitashughulika na midomo. Akili ni mali, na leo nimejiona tajiri.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepika tofi. Sukari, maziwa, moto mkali, subira. Nimeonja moja, meno yakashikana nikashindwa kuitikia salamu ya jirani, naye kaninunia. Safi sana!

Sufuria ya mke wangu, ile ya wageni, ndiyo basi tena. Amenisema kuanzia jikoni mpaka uani. Sikujibu hata neno. Amedhani ni adabu.

Jumamosi, 8 Juni, mapumzikoni

Naandika haraka, nimekaa juu ya ndoo. Mambo yameiva!

Sisi ndio tulioanza kupiga. Wageni walipokuwa wanaingia uwanjani nilisimama njiani na mfuko wangu, nikamkaribisha kila mmoja kwa tofi na tabasamu. Walinisifu kwa uungwana. Mpira wa kwanza ukanigonga mguu, mbele ya vijiti kabisa. Hata mimi nilijua nimetoka. Mrushaji akaruka, mikono juu, akasema "Mmmm!" Mdakaji wao akasema "Nnnn!" Mwamuzi ni mhasibu wetu, mtu wa sheria hata usingizini. Akawaambia kwamba swali huulizwa kwa maneno, si kwa miguno. Nikabaki! Nikapiga mpira mmoja mzuri na kadhaa ya bahati. Baba mkwe alinipigia makofi. Mawili, lakini ni makofi.

Shemeji sasa. Mpira uligusa ukingo wa gongo lake kidogo tu, ukadakwa. Hakuna aliyeuliza, wangeweza wapi? Angebaki. Yeye akatia gongo kwapani akaondoka mwenyewe, eti aliusikia ukigusa. Wenzetu walishika vichwa. Nami nilisikitika, kwa nje. Unahodha huo umeshaingia mfukoni.

Mke wangu amekuja na chai. Ananitazama kwa huruma. Nadhani amejuta kunisema jana.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Amejuta kweli. Wakati naandika pale juu, alikuta mfuko wa tofi kwenye begi langu. Akaona mumewe kawapikia wageni na kuwasahau wenzake. Kwa mapenzi tu akaigawia timu yetu nzima. Ya mwisho akaja kunitia mimi mdomoni, mbele ya baba yake, mbele ya meneja. Ningeitema vipi?

Tukaingia uwanjani. Wageni wakapiga, wakapiga, mpaka zikabaki pointi mbili tu wapate ushindi, na mpigaji wao wa mwisho. Shemeji akarusha. Mpira ukampiga yule bwana mguuni, mbele ya vijiti kabisa. Katoka! Kipofu angeona! Kilichobaki ni mtu mmoja kuuliza.

Nilisikia mlio kama wa zizi la ng'ombe. Wachezaji kumi na mmoja, mikono juu, macho yametutoka, hakuna neno. Mwamuzi akatusubiri kwa heshima zote. Baba mkwe akapiga kelele "Vipi?" kutoka kwenye kiti chake, akajibiwa kwamba watazamaji hawahesabiki. Mpira uliofuata ukapigwa mpaka kwenye maua ya meneja. Tumeshindwa.

Baba mkwe alinisubiri getini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema taratibu, "Mkwe wangu, miaka yote hii leo ndiyo mara ya kwanza umefunga mdomo. Na leo ndiyo ulitakiwa kuufungua."

Nilikuwa na jibu zuri sana. Tofi ilikuwa haijaisha.

Jumatatu, 10 Juni

Meneja kamteua shemeji. Kasema mtu anayejitoa mwenyewe bila kuulizwa ndiye wa kuongoza wenzake. Kisha akasoma majina ya timu ya Jumamosi ijayo. Langu halikuwamo. Wenzangu walitazama viatu vyao. Shemeji alinishika bega, mikono yake inanuka grisi. Kwa kweli iliniuma, nikaenda ghalani kukaa kidogo.

Huko huko nyuma ya maboksi akili ikanirudia. Nikafungua sheria. Nikakumbuka vizuri kila kitu: meneja alisoma, watu wakanyamaza, watu wakarudi kazini. Kuna mtu aliuliza "Vipi?" Hakuna!

Basi sijatoka. Kisheria bado nimo. Jumamosi nitafika mapema na gongo langu, nisimame mbele ya vijiti, nione nani atanigusa. Nimemwambia mke wangu amwarifu baba yake aje tena, akae mbele kabisa.

Jirani ana sufuria kubwa. Kesho nitakwenda kumwomba msamaha.