Jua Lilipochafuka Katumba

Jumatatu, 22 Septemba

Wiki yetu hii. Chama cha wakulima wa tumbaku Katumba kinatafuta mtu wa kupima mashamba mia tatu kabla ya mvua. Tukipata, kampuni inaishi. Tukikosa, nafunga ofisi na Pudensiana anarudi kwao Usevya na digrii yake. Kampuni nzima ni sisi wawili, tunapima ardhi na kuwaonya wapimaji wengine jua likichafuka. Mimi mkurugenzi, yeye kila kitu kilichobaki.

Mshindani ni mmoja, Egide. Zamani alipima kwa kamba. Sasa kanunua kipimo cha satelaiti cha mkononi, anakivaa shingoni hata kanisani. Alhamisi tutapima shamba moja, kila mtu kwa zamu yake, wazee wakitazama.

Jumanne, 23 Septemba

Pudensiana kasoma mitambo ya juu ya bati. Anasema jua limelipuka, na wimbi lake litatufikia Alhamisi, kuanzia saa nane mchana hivi. Mawimbi ya satelaiti yatayumba, vipimo vitadanganya kwa mita kadhaa. Akataka kutuma onyo kwa wapimaji wote, kama siku zote. Ndiyo kazi iliyoandikwa mlangoni kwetu.

Nikamwambia asubiri. Nikampigia mwenyekiti wa chama, mzee Rénovat. Nikaomba sisi tuanze saa mbili asubuhi, Egide afuate saa nane, ili kijana apate muda wa kujiandaa. Mzee akanisifu kwa utu wangu. Akili kama hii kuozea hapa Mpanda!

Jumatano, 24 Septemba

Pudensiana kanuna. Anasema Egide yumo kwenye orodha ya kuonywa, na kumnyima onyo ni wizi. Nikasema ni biashara. Akasema safari hii kanisikiliza, lakini siku nikimficha mtu onyo tena ataondoka. Hatagombana na mimi, ataondoka tu. Kisha akanimiminia chai.

Chai ilinishinda. Kweli naogopa. Bila yeye hata kuwasha mtambo sijui.

Alhamisi, 25 Septemba

Tumefika Katumba saa moja na nusu asubuhi kwa pikipiki, mtambo mgongoni. Uwanjani hakuna mtu. Kuna msiba, na huku hakuna anayepima ardhi kabla marehemu hajalazwa kwenye yake. Nikakaa mkekani natazama saa. Mama mmoja akanipa pole, akidhani marehemu alikuwa rafiki yangu. Makaburini nikapewa koleo. Nimefukia kuliko ndugu wote, ili tumalize upesi. Bado wakatulisha wali na maharage.

Saa nane na robo mzee Rénovat akasema haya, tuanze, na mimi wa kwanza kwa kuwa niliomba mwenyewe. Nikamwomba Egide atangulie. Akakataa kwa heshima, hawezi kumtangulia kaka yake. Nikasema tumbo linaniuma. Wakanisubiri.

Pudensiana akawasha mtambo, nikapima. Kona ya tatu ya shamba ikaangukia jikoni kwa mama Annonciata, jirani, karibu na mafiga. Akaniuliza kama tumbaku nitaipanda kabla ugali haujaiva au baadaye. Watu waliotoka kuzika walicheka mpaka wakakaa chini. Nikapima tena. Kona ikahamia chooni kwake. Egide akakitazama kipimo chake, akakivua shingoni, akakitia mfukoni. Akatoa kamba ya zamani. Jioni kona zake zote nne zilikuwa kwenye mawe ya mipaka.

Mzee akauliza mitambo imepatwa na nini. Pudensiana akaeleza habari za jua. Mzee akauliza tulijua lini. Akajibu Jumanne. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, vimejaa udongo wa kaburi.

Ijumaa, 26 Septemba

Kazi ya kupima kapewa Egide. Lakini mzee Rénovat kapiga simu. Anataka onyo kila asubuhi, kwa wapimaji wote wa chama, msimu mzima, kwa mkataba. Anasema aliyekiri ya Jumanne mbele ya bosi wake anamtosha. Sharti moja tu, onyo litoke kwa Pudensiana, lisipitie kwangu.

Kampuni inaishi! Nimelia kidogo nyuma ya stoo. Nikaenda kwa Egide, nikamweleza yote, nikaomba radhi. Akanisamehe, akanipa na chupa ya asali. Akasema la tumbo hakuliamini tangu mwanzo, maana alihesabu sahani zangu za wali msibani.

Nimemwahidi Pudensiana kwamba sitarudia. Kasema anabaki.

Jumapili, 28 Septemba

Nimetoka kanisani na moyo mweupe kabisa. Padri kahubiri juu ya toba, nikaitikia kwa sauti.

Kuna kazi nyingine keshokutwa, Inyonga, kupima msitu wa wafuga nyuki. Mshindani ni Masalu, mwenye droni inayoongozwa na satelaiti. Pudensiana anasema Jumanne mchana jua litachafuka tena. Keshatuma onyo kwa orodha nzima, mtoto wa watu, mwaminifu.

Masalu hayumo kwenye orodha. Nimempigia mwenyewe, nikamwachia nafasi ya mchana ili apate muda wa kujiandaa. Kanishukuru sana. Sisi tutaanza saa mbili asubuhi. Safari hii nimejifunza, nimeulizia kwanza kama kijiji kile kina mgonjwa mahututi. Hakuna.