Bihogo na Viini Vinne

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mama yuko Nyakisasa, anamuuguza mama mdogo Agripina. Nafasi ndiyo hii! Jumamosi kuna mashindano ya gemu za kompyuta, mbio za magari, Biharamulo mjini. Zawadi inatosha kununua mtamba. Kasoro moja: sina kompyuta. Binamu yangu Idefonsi anayo, prosesa yake ina viini vinne, na kila tukikutana lazima aitaje. Eti viini vinne ni watu wanne wanaolima pamoja, viwili ni wawili. Majivuno matupu. Lakini nami nataka vinne.
Zizini yumo Bihogo, ng'ombe wa Mama wa kahawia. Ana mimba.

Jumanne, 4 Juni
Nimemuuza Bihogo. Basi, nimeandika. Aliponitazama nikaangalia migombani.
Si wizi, ni kuazima! Bihogo hakununuliwa. Mzee Niragira alimpa Mama kwa urafiki, mwaka aliofariki Baba, na kwa desturi yetu ndama wa kwanza jike hurudi kwake. Sawa. Nikishinda nitanunua mwingine wa kahawia, mwenye mimba vilevile. Nani atatofautisha?

Jumatano, 5 Juni
Ngara mjini, kwa dada Swabaha anayeuza kompyuta za mtumba. Zilikuwepo mbili za kunifaa. Moja nyeusi, imechubuka, haina hata taa: viini vinne. Nyingine kibodi inawaka nyekundu! Swabaha akasema hiyo ina viini viwili tu, kwa gemu nzito itanitesa. Nikafungua mwenyewe sehemu inayoonyesha prosesa ikifanya kazi. Vijisanduku vinne! Nikamuuliza kama shule alifundishwa kuhesabu. Akaeleza kwa upole kwamba kila kiini kinashika kazi mbili kwa pamoja, ndiyo maana vinaonekana vinne, ila ni viwili. Wafanyabiashara hawa! Ile nyeusi imekosa mteja, anataka kunibebesha mimi. Nimechukua nyekundu.

Jumamosi, 8 Juni
Biharamulo. Aibu. Nilikuwa mbele ya Idefonsi hadi kwenye kona ya daraja. Hapo magari yakawa mengi, picha ikaganda, gari langu likabaki linaning'inia hewani. Lilipotua, Idefonsi alikuwa anapewa mikono. Kompyuta imepata moto hadi ungeweza kuchomea mahindi. Idefonsi akaikagua, akasema ni viini viwili. Hakucheka hata kidogo. Iliniuma kuliko kama angecheka.

Jumapili, 9 Juni
Mama amerudi. Alipitia zizini kabla ya kutua mzigo. Nilianza kueleza habari za prosesa, akaniuliza tu nimemuuza kwa nani. Kisha akakaa chini, palepale kwenye samadi.
Mchana akaja mzee Niragira, alisikia Bihogo anakaribia kuzaa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama zizi tupu. Mama akamletea rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye mtungi wanaonyonya pamoja miaka yote, mirija miwili ndani. Mzee akauchomoa mrija wake, akaufuta, akautia mfukoni. Akaaga. Hakutukana. Huku kwetu hilo linapita matusi yote, maana hatakuja tena. Mama alibaki na mtungi umejaa, mrija mmoja. Niliona vibaya sana.

Jumatatu, 10 Juni
Mama ameondoka kwenda Kanazi kwa miguu, kumbembeleza aliyemnunua Bihogo. Amebeba vitenge vyake vyote, hata kile cha harusi yake. Ameniomba jambo moja tu: nilinde nyumba.
Nimekaa nimetafakari kwa uchungu. Kosa langu nimeliona. Viini viwili! Mwanaume mzima unaingiaje mashindanoni na viini viwili?
Nimempigia Swabaha. Ameingiza yenye viini vinane, na mashindano mengine ni mwezi ujao. Nimemuuliza kama anapokea mabati. Zizi letu limeezekwa vizuri, na kwa sasa halina kazi.