Alama Kamili za Bwana Awasthi

Ofisi ya Elimu ya Wilaya ya Haripurwa ilitangaza kwa fahari kwamba darasa la kumi na mbili litaanza kusoma saikolojia, ili wasiwasi wilayani uwe umemalizika kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Mwalimu wa saikolojia hakuwapo, hivyo akateuliwa Madam Kusumlata wa jiografia, kwa kuwa milima na akili vyote ni maumbile.

Vrinda Khare alilipenda somo hilo kuliko yote. Siku ya mtihani wa vitendo alitakiwa kumpima mtu mmoja, na alikuwa amemleta shangazi yake, mwanamke mwenye wasiwasi wa kulitosha darasa zima. Lakini Afisa Elimu, Bwana Tribhuvan Awasthi, akaingia na waandishi wa habari, akamwinua shangazi kitini, akaketi yeye.

"Nipime mimi, binti. Watu waone kiongozi asiye na wasiwasi."

Vrinda akaanza. "Umewahi kukosa usingizi kwa mawazo?"

"Kamwe."

"Kumkasirikia mtu?"

"Sijawahi."

"Kumsengenya mtu?"

"Mimi? Hata sijui watu huanzaje."

"Kuchelewa?"

Alikuwa amewachelewesha tangu asubuhi. "Kamwe," akasema, na karani wake akaafiki kwa kichwa.

Maswali yote yalipokwisha, Vrinda akajumlisha, akarudia kujumlisha.

"Matokeo ni siri ya aliyepimwa, Mheshimiwa. Nikunong'oneze?"

"Siri ya nini? Mimi mtumishi wa umma. Shika kipaza sauti."

"Kanuni zinataka uridhie."

"Nimeridhia."

Vrinda akamtazama Madam Kusumlata, naye akazama kwenye ramani ya Himalaya ukutani. Kuficha matokeo ni kufeli mtihani.

"Wasiwasi, sifuri," akasema. Makofi. "Na kipimo cha pili kilichomo humo, nane kati ya nane."

Bwana Awasthi akasimama, akawainamia waandishi. "Alama kamili! Kipimo cha nini, binti? Wasikie."

"Cha uongo, Mheshimiwa. Ni mambo ambayo hakuna binadamu asiyewahi kuyafanya."

Samosa ya karani ikaishia njiani kwenda mdomoni.

Jioni ofisi ikafafanua kwamba kipimo ni kibovu. Ili kulithibitisha hilo, Bwana Awasthi akaamuru maafisa wake wote wapimwe. Nani angethubutu kuonekana mkweli kumpita bosi? Wote wakapata nane. Akapeleka ushahidi huo wizarani mwenyewe.

Wizara ikaipongeza Haripurwa kwa matokeo yasiyopishana, ikaagiza maafisa wapimwe upya kila mwaka, hadharani, na atakayepata nane asipandishwe cheo.

Vrinda alifaulu vizuri. Wiki iliyofuata gari la serikali likasimama mlangoni kwao. Bwana Awasthi alikuja kuchukua masomo ya ziada.

"Anza na jambo dogo, Mheshimiwa," Vrinda alimwambia, huku shangazi akiwamiminia chai. "Umewahi kumkasirikia mtu?"

Alikohoa. Alirekebisha miwani. Chai ikapoa.

"Nimewahi."

"Nani?"

"Wewe."

"Vizuri sana, Mheshimiwa," akasema Vrinda. "Tunaendelea."